Je, Wajua? Hewa Inayotulinda Huko Juu Huliunguza Jani Huku Chini

Ukishuka basi mjini Babati mchana wa Septemba, vumbi la stendi likishatulia, inua macho uutazame Mlima Kwaraa. Siku nyingi za msimu huo mlima hauonekani sawasawa. Umefunikwa na utando wa rangi ya maziwa yaliyoingia majivu, na ukimuuliza mwenyeji atakujibu kwa mkato kwamba ni moshi, watu wanasafisha mashamba. Moshi unauona. Ndani ya hewa hiyohiyo mna kitu kingine usichokiona, nacho kinaingia kwenye majani ya miti ya Kwaraa, ya mashamba ya Bonga na ya misitu ya Duru, kinapunguza chakula ambacho majani hayo yanapika. Kinaitwa ozoni. Yafuatayo ni mambo kadhaa juu yake ambayo, kwa maoni yangu, kila anayepanda mti au maharage angepaswa kuyasikia.

Je, ozoni ya juu na ya chini ni kitu kimoja?

Ni kitu kimoja. Wengi wetu tulilijua neno ozoni darasani, katika somo la tabaka linalotukinga na jua. Kila tarehe 16 Septemba dunia huadhimisha siku ya tabaka hilo. Tanzania ilijiunga na Itifaki ya Montreal ya kulilinda mwaka 1993, na mwaka 2016 nchi wanachama zilikutana hapa jirani, Kigali, zikaongeza ndani yake makubaliano kuhusu gesi za majokofu na viyoyozi. Kwa hiyo tumezoea kuihesabu ozoni kuwa rafiki, na huko juu ni rafiki kweli. Asilimia 90 hivi ya ozoni yote iko mbali angani, sehemu kubwa kati ya kilomita 15 na 35 kutoka ardhini, ikichuja miale ya urujuanimno ambayo ingetuunguza ngozi na macho.

Inayosahaulika ni ile iliyobaki, inayokaa kwenye hewa tunayoivuta sisi na miti yetu. Oksijeni ya kawaida ina atomi mbili zilizoshikana. Ozoni ina tatu, na ile ya tatu haitulii. Hutafuta pa kujishika, na ikigusa kitu chenye uhai hukiunguza polepole pasipo mwali. Moto wa jikoni ni mlo. Moto uleule ukipanda darini ni msiba. Ozoni ndivyo ilivyo.

Kiasi chake huku chini ni kidogo mno hata hupimwa kwa sehemu katika bilioni. Katika kila chembe 1,000,000,000 za hewa, za ozoni zinaweza kuwa 30 au 40 tu. Ungedhani haiwezi kudhuru kitu. Lakini jani huvuta hewa kutwa nzima, miezi mfululizo, wala halina miguu ya kuhamia kwenye hewa nzuri.

Jina lake limetokana na harufu

Mwaka 1839 huko Basel, Uswisi, mwanakemia Christian Friedrich Schönbein alikuwa akipitisha umeme kwenye maji, akanusa harufu kali ileile inayosikika radi ikishapiga karibu. Akatambua kwamba ni gesi yenyewe, akaipa jina kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kunuka. Baadaye akabuni njia rahisi ya kuipima: karatasi iliyopakwa wanga na chumvi ya iodini. Ozoni ikiigusa, karatasi hugeuka rangi ya buluu. Katika karne ya 19 karatasi hizo zilitundikwa sehemu nyingi za Ulaya, muda mrefu kabla mtu yeyote hajashuku kwamba gesi hiyo ingeweza kudhuru mmea.

Haitoki kwenye bomba lolote

Hakuna gari linalotoa ozoni. Hakuna tanuri la mkaa wala tanuru la matofali linaloitoa. Ozoni hupikwa hewani, mchana, na mpishi wake ni jua. Viungo vyake ni viwili. Cha kwanza ni oksaidi za nitrojeni, zinazozaliwa popote penye moto mkali: kwenye injini ya lori la mizigo linalopita Babati kutoka Arusha kwenda Singida au Dodoma, kwenye bodaboda, kwenye nyasi zinazoungua. Cha pili ni mvuke wa aina nyingi wenye kaboni, kama ule wa petroli inayomwagwa kwenye tangi na ule wa majani na magogo yanayofuka bila kuwaka vizuri. Vikutane viwili hivyo chini ya jua la saa nane, ozoni inatengenezeka.

Dunia ilijifunza hivyo kwa uchungu. Mwezi Julai 1943, katikati ya vita, mji wa Los Angeles ulifunikwa na ukungu uliowasha macho na koo kiasi kwamba baadhi ya wakazi walidhani Wajapani wamewarushia gesi ya sumu. Mazao ya pembezoni mwa mji yakaanza kupata madoa yasiyofanana na ugonjwa wowote uliojulikana. Aliyefumbua fumbo hilo ni Arie Haagen-Smit, Mholanzi aliyekuwa akichunguza nini kinalipa nanasi harufu yake. Alikuwa na vifaa vya kunasa mvuke wa nanasi, akavitumia kunasa hewa ya mji. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alionyesha kwamba moshi wa petroli ukipigwa na jua huzaa ozoni, na kwamba ozoni hiyo ndiyo iliyokuwa ikiunguza mboga za wakulima.

Kwetu Afrika hadithi ina mhusika mwingine mkubwa zaidi ya magari, naye ni moto wa nyika. Zaidi ya nusu ya eneo lote la dunia linaloungua kila mwaka liko katika bara hili. Paul Crutzen, aliyegawana Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1995 kwa kazi yake juu ya ozoni, alikuwa kati ya wa kwanza kusisitiza kwamba moto wa nyasi na misitu ya nchi za joto hubadili hewa ya dunia nzima. Vipimo vya satelaiti vilipoanza kusomwa kwa makini, vilionyesha lundo la ozoni likijikusanya juu ya Bahari ya Atlantiki, kati ya Afrika na Brazili, kila Septemba hadi Novemba. Mwaka 1992 watafiti walipeleka ndege na vifaa kusini mwa Afrika kulichunguza, na moto wa nyika ukakutwa kuwa chanzo chake kikubwa. Bahari isiyo na kiwanda hata kimoja ilikuwa imebeba hewa chafu kwa sababu ya mashamba na mbuga zilizo mbali nayo. Ozoni ikishapanda juu kidogo inaweza kudumu wiki kadhaa, na kwa muda huo upepo unavuka mipaka mingi.

Udongo mkavu ukipata mvua ya kwanza

Hili linanigusa zaidi kwa sababu limegunduliwa hapahapa Afrika Mashariki. Katika kituo cha utafiti wa kilimo na misitu cha Muguga, Kenya, mtafiti H. F. Birch alionyesha mwaka 1958 kwamba udongo uliokauka kabisa ukilowana, vijidudu vyake huamka kwa kishindo. Huvunja mboji kwa kasi na kuachia nitrojeni nyingi kwa mara moja. Wanasayansi wa dunia nzima hadi leo wanaliita tukio hilo kwa jina lake.

Mkulima wa Babati analijua kwa njia yake: anayewahi kupanda na mvua za kwanza hupata mahindi yenye kijani cha kupendeza. Alichokuja kukijua mwanasayansi baadaye ni kwamba sehemu ya nitrojeni hiyo hupanda hewani ikiwa oksaidi, yaani kile kiungo cha kwanza cha ozoni. Kwa hiyo nchi kavu isiyo na viwanda ina chanzo chake cha asili, nacho hufunguka mara moja kwa nguvu baada ya kiangazi kirefu.

Miti nayo huchangia

Milingoti iliyojaa kandokando ya barabara na mashamba yetu hutoa mvuke uitwao aisoprini, hasa jua likiwa kali. Peke yake mvuke huo hauna ubaya. Ukikutana na moshi wa magari huwa kiungo cha pili. Hii haina maana kwamba milingoti ing'olewe kwa sababu hiyo. Maana yake ni kwamba mahali penye miti mingi ya namna hiyo, kila lita ya dizeli inayounguzwa ovyo ina uwezo wa kuzaa ozoni zaidi.

Ndani ya jani kunatokea nini?

Hapa ndipo kiini cha yote, tupachukulie muda.

Chuma jani la mwembe uligeuze. Upande wa chini una vitundu ambavyo jicho haliwezi kuviona, viitwavyo stomata. Kila kitundu kina seli mbili zilizokaa kama midomo, zinazofunguka na kufumba. Humo ndimo hewa ya ukaa inamoingia, na humo ndimo mvuke wa maji unamotoka. Jani huchanganya hewa hiyo na maji yaliyopandishwa na mizizi, likatumia mwanga wa jua kama kuni, likapika sukari. Kazi hiyo ndiyo usanisinuru. Kila tunda, kila ubao na kila gunia la mkaa uliowahi kuliona lilianza kama sukari iliyopikwa ndani ya jani.

Mlango huo hauna uwezo wa kuchagua mgeni. Ukifunguka kwa ajili ya hewa ya ukaa, ozoni nayo inapita. Haifiki mbali. Inapogusa unyevu wa kuta za seli inavunjika na kuzaa kemikali nyingine kali za jamii yake. Jani lina mlinzi anayezisubiri pale mlangoni, naye ni vitamini C, ileile tunayoitafuta kwenye mapera na machungwa. Chembe za vitamini hiyo hujitoa mhanga, moja kwa moja, kuzima ukali wa ozoni. Baada ya hapo jani lazima litengeneze nyingine, na gharama ya kazi hiyo hulipwa kwa sukari. Hata siku ambayo jani limeshinda, limeshinda kwa kula akiba yake.

Siku ambayo ozoni ni nyingi kuliko walinzi, madhara yanaingia jikoni kwenyewe. Kuna kimeng'enya kiitwacho rubisko, ambacho kazi yake ni kuikamata hewa ya ukaa na kuiingiza kwenye mapishi. Hakuna protini nyingi kuliko hiyo duniani, na sababu ni kwamba kimeng'enya hicho ni kizito wa kazi: kimoja hukamata chembe tatu hivi tu kwa sekunde, basi jani hulazimika kuwa nazo kwa wingi. Ozoni hulifanya jani lipunguze rubisko yake. Klorofili, rangi ya kijani inayonasa mwanga, nayo inapungua taratibu. Kwa mpita njia jani bado ni la kijani, limesimama vizuri, linapepea. Ndani, wapishi wamepungua na sufuria haijai. Mti wa namna hiyo hauanguki wala haunyauki. Unapungukiwa tu, mwaka baada ya mwaka, na kwa kuwa hakuna anayeona kitu, hakuna anayeuliza.

Midomo ya stomata nayo huumia. Jani zima likihisi ukame hufumba haraka ili lisipoteze maji. Jani lililozoea ozoni hufumba kwa uzito na kuchelewa, kama mlango wenye bawaba iliyoota kutu. Kwa mti wa nchi ambayo inaweza kukaa miezi mitano bila mvua ya maana, maji yanayopotea kwa uchelewaji huo si jambo dogo.

Kisha jani huzeeka kabla ya wakati wake na kudondoka, na mti unakosa wiki kadhaa za kazi yake. Sukari inayobaki hutumika kwanza kuponya majani na kuotesha mengine, mizizi ikapewa makombo. Mti wenye mizizi mifupi huonekana sawa masika. Kiangazi ndicho kinachoufichua.

Lipo jambo la kushangaza katika haya. Ukame huukinga mti na ozoni, kwa kuwa mti wenye kiu hufumba stomata, na mlango uliofungwa haumwingizi yeyote. Mti ulio kando ya mfereji, unaokunywa utakavyo, huacha milango wazi na kumeza ozoni nyingi kuliko mwenzake wa kilimani. Ndiyo maana wataalamu wa siku hizi hawatosheki na kupima ozoni iliyo hewani. Wanakadiria iliyoingia ndani ya jani.

Mfano wa kusikitisha wa mlolongo huu ni misonobari ya milima ya San Bernardino, upande ambao upepo wa Los Angeles unaelekea. Tangu miaka ya 1950 watu waliona majani yake yakigeuka manjano na kupukutika, wakauita ugonjwa huo X kwa sababu hawakujua unaletwa na nini. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikathibitishwa kuwa ni ozoni. Lakini ozoni haikuiua miti hiyo kwa mkono wake. Iliidhoofisha, kisha wadudu wa magome wakaja kumalizia, na aliyeitazama miti iliyokufa aliwalaumu wadudu.

Hasara ni kiasi gani?

Mwaka 2007 na 2009 watafiti walioongozwa na Victoria Wittig walikusanya matokeo ya majaribio mengi yaliyofanywa juu ya miti, wakalinganisha miti iliyokua katika hewa iliyochujwa na ile iliyokua katika hewa ya kawaida ya leo. Hewa ya kawaida ilikuwa imepunguza usanisinuru kwa asilimia 11, na uzito wa mti kwa asilimia 7. Miti mingi katika majaribio hayo ilikuwa ya nchi za baridi.

Kwa misitu ya nchi za joto hesabu ilitoka mwaka 2024, kutoka kwa watafiti wa Australia na Uingereza waliopima jinsi miti ya kitropiki inavyoipokea ozoni na kuingiza vipimo hivyo kwenye mfumo wa kompyuta. Walikadiria kwamba ozoni imepunguza ukuaji wa kila mwaka wa misitu hiyo kwa asilimia 5.1 kwa wastani, na kwamba tangu mwaka 2000 tani milioni 290 hivi za kaboni ambazo miti ingezinasa kila mwaka zimebaki hewani. Kaboni hiyo ndiyo inayozidi kuipasha dunia joto, na joto likizidi ozoni nayo hupikika kwa haraka zaidi.

Maharage huumia, ulezi hauoni shida

Huko Bangor, Wales, watafiti walipanda mbegu za aina za Afrika ndani ya nyumba za vioo wakazipulizia ozoni kwa viwango tofauti. Matokeo waliyoyatoa mwaka 2020 yanatuhusu moja kwa moja: maharage na ngano vilipoteza mavuno, wakati ulezi na uwele havikutikisika. Sehemu ya sababu iko kwenye aina ya usanisinuru. Ulezi, uwele, mtama na mahindi vina namna ya kuikusanya hewa ya ukaa ndani ya jani, hivyo haviachi stomata wazi sana. Maharage, na karibu kila mti unaoujua, hufuata njia ya kawaida inayohitaji mlango mpana.

Kwa Babati, ambako mahindi na maharage au mahindi na mbaazi hupandwa shamba moja, maana yake ni kwamba hewa ileile inaweza kumwacha mmoja na kumpiga jirani yake aliye kwenye tuta hilohilo.

Mti wa mjini unaweza kunawiri kuliko wa shamba

Jillian Gregg na wenzake walipanda vipandikizi vya mti mmoja jamii ya mpopla, vilivyofanana kwa kila kitu, ndani ya jiji la New York na katika mashamba yaliyolizunguka. Walichokitangaza mwaka 2003 kiliwashangaza wengi: miti ya jijini ilikua mara mbili ya ile ya shambani. Sababu yake ni ozoni. Moshi mbichi wa magari una oksaidi ya nitrojeni ambayo huila ozoni papohapo, kwa hiyo katikati ya mji ozoni hupungua. Hewa ikishasafiri saa kadhaa chini ya jua kuelekea mashambani, ozoni inakuwa imeiva. Anayepata moshi na anayepata ozoni si mtu mmoja.

Nimelifikiria hili nikiutazama msururu wa malori njia panda ya Babati. Barabara ya lami hadi Dodoma ilipozinduliwa mwaka 2018, safari zilirahisika na biashara ikachangamka, jambo ambalo sote tulilifurahia. Moshi wa malori hayo husikika mjini. Kile ambacho moshi huo unageuka kuwa hushuka kwenye majani ya vijiji ambavyo malori hayaendi.

Mlimani hakuna mapumziko ya usiku

Bondeni ozoni hushuka usiku. Jua limezama, hakuna inayopikwa, na iliyobaki hugusana na udongo na majani ikaisha. Kwenye vilele mambo huwa tofauti, kwa sababu hewa inayovipitia ni ile ya juu ambayo haijagusa ardhi. Ndiyo maana kituo muhimu cha kupima hewa ya ukanda wetu kiliwekwa Mlima Kenya, mita 3,678 kutoka usawa wa bahari, chini ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya. Nairobi nako, tangu miaka ya 1990, hurushwa puto lenye kifaa cha kupima ozoni kutoka ardhini hadi juu kabisa ya mawingu. Vipimo hivyo ndivyo vinavyowawezesha wanasayansi kuisoma ozoni ya Afrika Mashariki, na vimedumu kwa miongo zaidi ya miwili.

Kwaraa unapita mita 2,400. Miti iliyo kileleni pake hupokea hewa iliyotoka mbali, na wakati wa kiangazi upepo wa kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, upande wenye nyika zinazoungua.

Majani mapya huzaliwa katikati ya moshi

Kama ni jambo moja tu utakalolikumbuka katika haya yote, ningependa liwe hili. Miombo haisubiri mvua kuchipua. Wiki kadhaa kabla ya tone la kwanza, ardhi ikiwa bado jivu, miti ya miombo hutoa majani mapya yenye rangi ya shaba na wekundu, msitu mzima ukaonekana kama umevaa kanga mpya. Ni moja ya vitu vizuri kuliko vyote katika nchi hii. Lakini tazama kalenda. Majani hayo machanga, yaliyoanza kufungua stomata zake kwa mara ya kwanza, yanaingia duniani mwishoni mwa msimu wa moto, wakati hewa ina viungo vingi vya ozoni kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka.

Kusini-magharibi mwa mji wa Babati iko misitu ya miombo ya Duru-Haitemba, karibu hekta 9,000. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilikuwa mbioni kuitangaza kuwa hifadhi yake. Wanavijiji waliona wananyang'anywa, na kabla mpaka haujawekwa kila mtu alikata alichoweza. Badala ya kupeleka askari, mwaka 1994 viongozi wa wilaya, wakishauriwa na Liz Alden Wily chini ya mradi uliofadhiliwa na Sweden, waliwaachia wanavijiji wenyewe msitu wao. Vijiji vinane, vikiwemo Duru, Riroda, Gidas na Ayasanda, viligawana mipaka, vikateua walinzi kati ya vijana wao na kutunga sheria ndogo. Kuchoma mkaa kulipigwa marufuku. Kuwasha moto msituni kulipigwa marufuku. Uzoefu huo ulikuwa kati ya mifano ya kwanza nchini, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ikaja kuipa misitu ya vijiji nguvu kamili ya kisheria.

Waliotunga sheria zile walikuwa wakifikiria kuni, malisho, nguzo, maji na asali. Neno ozoni halikuwa mezani. Hata hivyo kila moto uliozuiwa Duru mwezi Septemba ulipunguza viungo vya ozoni hewani, na kila jani lililochipua mwezi huo lilipata hewa iliyo afadhali kidogo. Sijui kazi ngapi za uhifadhi zilizolipa namna hiyo, mara mbili kwa jasho moja. Moshi wa mbali utaendelea kuja na upepo, hilo halina ubishi. Lakini moshi wa jirani ndio unaofika ukiwa mzito, na huo kijiji kinaweza kuuamua.

Nyuki hupotea njia

Ozoni huvunja pia harufu ya maua ikiwa bado hewani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, ambao matokeo yao yalitoka mwaka 2022, walipulizia moshi wa dizeli na ozoni kwenye shamba la wazi, kwa viwango vilivyo chini ya vile vinavyohesabiwa kuwa salama. Wadudu wachavushaji walipungua kwa hadi asilimia 70, na safari zao kwenye maua zikapungua kwa hadi asilimia 90. Anayetundika mizinga kwenye miombo ana sababu yake mwenyewe ya kuuchukia moto.

Unaweza kuiona kwa macho

Si kila mmea utakuonyesha, kwa sababu mara nyingi hasara hutangulia alama. Maharage ni mashahidi wazuri. Ingia shambani mmea ukiwa umeshaanza kutoa maua, uache majani ya juu yaliyo machanga na utazame ya chini, yaliyovuta hewa siku nyingi. Dalili ya ozoni ni vidoa vidogo kama ncha ya sindano, rangi ya shaba au kahawia nyekundu, vimejaa katikati ya mishipa ya jani huku mishipa yenyewe imebaki kijani. Pitisha kidole: ugonjwa wa kutu huacha unga kidoleni, ozoni haiachi kitu. Geuza jani: wadudu wengi huacha alama zao chini, lakini vidoa vya ozoni hukaa upande wa juu, na chini mara nyingi pako safi.

Halafu tafuta mahali ambapo jani moja limelilalia jingine, ulifunue taratibu. Kama ni ozoni, sehemu iliyokuwa kivulini haina doa hata moja, na utaona kwenye jani la chini umbo safi, la kijani, la jani lililokuwa juu yake.